Kalamu au Karamu

Mwalimu Wankuru,

Shikamoo. Nimeiandika na h yake kamili, uone. Kwenye karatasi sikosei. Ni mdomoni tu ndiko inakopotelea, na wewe ulikuwa ukinirudisha mlangoni mwa ofisi kama mtoto wa darasa la awali: "Rudi nje, Mjaruo. Umesema sikamoo. Sema shi." Natoka, naingia upya, nasema shi, na wewe huitikii chochote, unaendelea kupanga madaftari. Nikikosea tena unagonga meza kwa ile pete yako, mara moja, ko. Nikipatia, kimya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kwako kimya ndiyo marahaba yenyewe.

Nakuandikia nikiwa darasa la kwanza, darasa lako walilonikabidhi mimi. Watoto wameshaondoka, wameacha vumbi lao na vizibo vyao vya kuhesabia chini ya madawati. Nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti hayaingii, nimekaa upande upande kama mtu aliyepanda punda. Kwenye meza yako bado sijaweza kukaa. Mwalimu mkuu ameniambia mara kadhaa kwamba meza ni meza tu. Naitikia ndiyo, halafu narudi huku kwenye dawati.

Nakuandikia kwa sababu umeniacha na neno moja nisilojua kulisoma, na mimi ndiye mwalimu wa kusoma.

Unaikumbuka siku ile nilipokuja kwako? Walikuwa wamekusogezea godoro karibu na dirisha ili uone zizi. Nilikuletea uji wa ulezi, hukuugusa. Nikakueleza kwamba chuo kinataka kutuletea walimu wapya waje kujifunza kufundisha kusoma na kuandika kwenye darasa lako, na kwamba mimi nimekataa, sitaweza, hilo ni darasa la Mwalimu Wankuru. Ukanishika mkono. Mkono wako ulikuwa wa moto. Ukasema: "Warimu wapya wakija, kabra ya kitu chochote, uwape karamu."

Nikakuuliza, ipi, Mwalimu?

Ukanitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeulizwa a akajibu ng'ombe. "Karamu," ukasema. "Si nimesema karamu."

Kisha ukageuza uso dirishani, ukasema polepole: "Sema wewe, Mjaruo. Macho yangu reo hayaoni."

Mwalimu, roho yangu iliruka. Nilijua kifo kimeanzia machoni. Nikatoka mbio mpaka zizini kumwita mumeo, Mzee Marwa, nikamwambia haoni, haoni tena, na yeye akaingia ndani, mimi nikabaki nje nalia kwenye ukuta wa jiko. Nilipopata nguvu ya kuingia ulikuwa umelala. Sikukupata tena ukiwa macho. Wiki haikwisha ukawa umeondoka.

Sasa mimi nifanyeje na neno lako? Kikurya hakina l. Hilo kila mtu huku analijua, na kila l ya Kiswahili ikipita mdomoni mwenu inatoka r, hata Mjaluo kama mimi anakuwa Mjaruo, iwe kwa mzee wa Nyansurura au kwa mwenye shahada. Mtu akiwa mzima unamwelewa tu, unatazama amesimama wapi na ameshika nini. Lakini wewe ulikuwa kitandani na mikono mitupu. Uliniambia niwape kalamu ya kuandikia, au niwape karamu, watu wale washibe? Nimelala na neno hili, nimeamka nalo, nimelipeleka kanisani likarudi nami. Wenzangu ofisini wanasema nichague moja niache kujisumbua. Hawakukujua vizuri. Wewe hukuwa mtu wa kusema chochote kile.

Nikifikiria kalamu nakataa. Wewe, uwape kalamu? Siku yangu ya kwanza hapa, nimetoka Nkende na begi langu na cheti kipya, ulinyoosha mkono ukasema, "Nipe hiyo karamu." Nikajibu kwa adabu zote kwamba sina chakula, nimekuja na nguo tu. Walimu walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Wewe hukucheka. Ukachomoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa blauzi yangu, ukaifungia kwenye kabati, ukasema sitaiona mpaka nijue kwa nini mtoto amekosea. Kwamba amekosea kila mtu anaona, ulisema, hata mama yake asiyejua kusoma anaona. Nikafundisha muhula mzima bila kalamu nyekundu. Nilikuwa nachuchumaa karibu na mtoto na kumuuliza, hapa uliona nini? Na kweli nilikuwa nakuta vitu. Yule aliyekuwa akiandika b juu chini alikuwa amekaa uso kwa uso na mwenzake, anatazama herufi kwenye daftari lililogeuzwa. Ningemwekea kosa jekundu kila siku mpaka leo.

Basi nikasema ni karamu. Lakini Mwalimu, nisamehe, wewe na karamu wapi na wapi. Mchana wa siku ile ile ulitoa kiazi kitamu kwenye mfuko, ukakikata, ukanipa nusu, ile nusu nyingine ukaifunga tena ukairudisha. Mchana wa pili uliniletea obokima baridi, ugali wenu wa mtama, bila mboga, ukasema mboga nitaikuta nyumbani. Wewe uliwahi kumpa mwalimu mpya karamu? Nani? Nimewauliza waliokutangulia na waliokufuata, hakuna anayekumbuka kushiba mbele yako.

Kwa hiyo nikabaki katikati. Na walimu wapya wakaja.

Wamekuja wawili. Mmoja kapelekwa darasa la nne, anaendelea vizuri, simtaji tena. Mwingine nimepewa mimi. Anaitwa Ghati, wa Ringwani, msichana mrefu mwenye aibu ya kuinamisha shingo kama anapita mlango mfupi. Siku alipofika nilikuwa sijaamua, kwa hiyo sikumpa kalamu wala sikumpa chakula. Nilimpa kiti. Akakaa ukingoni mwa kile kiti, akasema, "Naitwa Mwarimu Ghati," halafu akafunika mdomo kwa kiganja.

Mwalimu, ungempenda. Ungemtesa, lakini ungempenda. Watoto wetu wanakuja bado hawana Kiswahili, wana Kikurya chao cha nyumbani, na yeye anaanza nao huko huko, anawatajia vitu vya jikoni kwao, kisha anawavusha taratibu mpaka unakuta wanasema sufuria bila kujua wamevukia wapi. Anakata kadi za silabi kwenye maboksi ya sabuni vizuri kuliko mimi. Anawaandikisha hewani kwa kidole, mgongo wake umewageukia ili mkono wake na mikono yao iende upande mmoja. Hilo mimi ulinifundisha kwa kunigonga vidole. Yeye alikuja nalo.

Lakini l haimtoki, haimtoki kabisa. Chuoni walikuwa wanamwita Rara, kwa sababu alisimama mbele ya wenzake kufundisha la le li lo lu, akawafundisha ra re ri ro ru kwa sauti safi na mwandiko mzuri, ubaoni ameandika l. Mazoezi yake ya kufundisha ya kwanza walimfelisha kwa hilo. Haya ni ya pili na ya mwisho. Na ratiba yetu, unaijua, wiki ambayo mkufunzi wa chuo anakuja kumtazama ndiyo wiki ya l.

Aliniomba nimbadilishie, afundishe m. Nikamwambia m tulishamaliza, watoto watamwambia mkufunzi kwamba hii ni ya zamani. Akainamisha shingo. Kisha akasema, "Nikishindwa hapa, mwarimu, nyumbani wameshanitafutia mahari."

Nikasimama na chaki mkononi. Mahali au mahari? Wamemtafutia pa kwenda, au wameshapatana ng'ombe? Nikamuuliza, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka, cheko lisilo na furaha. "Yote mamoja, mwarimu," alisema. "Mahari ninakoperekwa ndiko mahari inakotoka."

Nilicheka pia, halafu nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu, nikakuuliza wewe kwa sauti. Ulifanyaje? Maana ndipo lilinijia lile ambalo ningepaswa kulifikiria miaka yote. Watoto wako walikuwa wanajua l. Waliisoma, waliiandika, waliitofautisha na r kuliko watoto wa mjini. Na wewe hujawahi kuitamka hata siku moja. Mtu anafundishaje herufi ambayo mdomoni mwake haipo?

Nilikaa na swali hilo siku nzima, nikalihangaikia kama mtu anayetafuta funguo alizozishika. Kisha nikakumbuka imla.

Kila ilipofika imla, ulikuwa unasimama na kitabu, unakisogeza mbali, unakileta karibu, unakunja uso, halafu unatuma mtoto aniite kutoka darasa la pili. "Sema wewe, Mjaruo. Macho yangu reo hayaoni." Nami nilikuwa nakuja nimenuna. Naacha darasa langu, nasoma maneno yako, lala, lima, kalamu, malaika, watoto wanaandika, na wewe unazunguka kati ya madawati ukitazama madaftari yao. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mama anajifanya mzee ili nimfanyie kazi. Niliwahi hata kukushauri uende Tarime mjini ukapimwe upate miwani. Ulinitazama kwa muda, ukasema asante.

Na jioni hiyo hiyo nakukuta kwenye benchi unashona kaptula ya mtoto iliyochanika, unatunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, jua limeshazama, bila miwani. Nilikuona, Mwalimu. Nilikuona zaidi ya mara moja, na sikuunganisha kitu chochote.

Jumapili nilichukua sukari nikaenda kumsalimia Mzee Marwa. Yuko salama, amekonda, anakula akikumbushwa. Kaburi lako wamelizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi. Tulipomaliza kuongea habari za mvua nikamuuliza taratibu kama macho yako yalikusumbua sana miaka ya mwisho. Akashangaa. "Macho yake? Wankuru? Arikuwa anaona mbuzi wa jirani kwenye mahindi kabra mbuzi mwenyewe hajajua ameingia."

Nikamkumbusha siku ile, nilipomkimbilia zizini nikilia kwamba huoni. Akatikisa kichwa. "Siku ire niriingia ndani, akaniangaria, akaniuriza kwa nini nimevaa shati nje ndani."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokwenda. Ya imla sasa nimeelewa, au nadhani nimeelewa. Hukuwa na l, ukaazima ya kwangu, na ukaificha kwenye macho. Lakini ulificha nini hasa, na kwa nani? Ni aibu? Wewe mwenye aibu? Au ilikuwa ndiyo njia yako ya kuniingiza darasani kwako kila wiki nione unavyozunguka, unavyosoma vidole vya watoto kabla hawajaandika, nijifunze nikidhani nakusaidia? Na kabla yangu ulimwita nani? Na siku ile kitandani, kama macho yalikuwa yanaona shati la mumeo, kwa nini uliniambia mimi hayaoni? Uliniogopesha bure. Nakupenda na bado nimekukasirikia kwa hilo.

Jumatatu nikamwambia Ghati mpango. Nilimwambia ndivyo alivyofanya Mwalimu Wankuru, bingwa wa wilaya hii, na hakuna aliyemcheka. Siku ya mkufunzi, ukifika kwenye l, kunja uso, sogeza kitabu, sema macho leo hayaoni, nami nitakuwa nyuma ya darasa, nitakuja nitamke. Niliona nimefika. Niliona hata wewe umenisukuma mgongoni.

Ghati akakataa.

"Macho yangu mimi ni mazima, mwarimu," alisema. "Nikidanganya macho, na watoto watadanganya macho. Wako wengi mre ndani wenye urimi kama wangu. Wao watamwita nani?"

 Nikamwambia basi aseme kweli akashindwe, nilikuwa na hasira, nikamwambia sule haiendeswi kwa kweli tupu. Akanitazama. Akasema polepole, kwa heshima, "Mwarimu, umesema sule."

"Na wewe unasemaje?"

"Shure."

Tulitazamana. Mwalimu, mahali tunapofanyia kazi, jina lake lenyewe, hakuna kati yetu anayelifikisha. Mimi nina l sina sh, yeye ana sh hana l. Tukiwekwa pamoja ndipo inapatikana shule moja. Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Na katikati ya kicheko nikakumbuka kwamba siku za sha she shi sho shu nilikuwa sina kazi ya kufundisha. Ulikuwa unanituma chaki stoo, na unaingia darasani kwangu wewe mwenyewe. Nilikuwa nikidhani unanituma kwa sababu mimi ni mdogo.

Alhamisi mkufunzi akaja. Mwanaume mpole, mnene kidogo, ana jasho, pikipiki ilimsumbua njiani. Akakaa nyuma karibu nami, akafungua faili lake. Ghati akasimama mbele. Ubaoni alikuwa amebandika michoro yake miwili, kalamu upande mmoja, na upande wa pili sufuria kubwa na watu wameizunguka wanakula. Chini ya kila mchoro neno lake, lakini herufi moja haipo: ka, kipengo, amu. Unalijua zoezi lile, jaza herufi iliyokosekana. Nilikuwa nimemweleza habari za neno lako, wiki ile ile. Hakuniambia kwamba atalipeleka ubaoni.

Akawaambia watoto, shingo imenyooka: "Urimi wangu mimi hapa unajua herufi moja tu. Na wengine wenu ndivyo hivyo hivyo. Siyo kosa, ndivyo nyumbani wanavyosema. Reo tunatumia masikio. Mwarimu Adhiambo atasema, sisi tutasikia, kisha tutanyoosha kidore kwenye mchoro wake."

Mkufunzi aliinua kichwa kutoka kwenye faili. Watoto wakageuka wote kunitazama. Na Ghati akanyoosha mkono kuelekea kwangu, akasema, "Sema wewe, mwarimu."

Hapo ndipo niliposikia, Mwalimu. Siyo sauti yake. Yako. Sema wewe, Mjaruo. Macho yangu reo hayaoni. Kila mara, miaka yote, maneno hayo yalikuwa na maana moja tu, hapa kuna neno ambalo mdomo wangu hautalifikisha, lifikishe wewe. Na siku ile kitandani hukuwa kipofu. Nilikuuliza ipi, ukajaribu mara mbili, ukaona halitoki, ukanipa mimi kama kawaida yetu. Uliniita kwenye imla. Ulikuwa unasubiri niseme moja, halafu niseme lingine, na ungegonga au ungenyamaza, ningejua. Na mimi nikakimbia nikaenda kulia jikoni.

Nilisimama pale nyuma ya darasa mdomo wazi, sauti haipo. Sijui ni kwa muda gani. Najua mkufunzi alianza kuandika kitu. Najua Ghati hakushusha mkono wake. Aliungoja ulimi wangu mbele ya mtu aliyeshika maisha yake, na hakuonyesha hofu, akasema tena kwa upole kama anamwambia mtoto wa mstari wa mbele: "Sema tu, mwarimu. Tunasikiriza."

Nikasema kalamu. Vidole vyote vikaenda kwenye kalamu. Nikasema karamu. Vikaenda kwenye sufuria, vingine vikasita, vikatazama jirani, vikaenda. Akanirudisha, akachanganya, akanifanya niseme mpaka koo likakauka. Akawafundisha ulimi unapokaa, ncha nyuma ya meno na itulie, hiyo ni l, kisha hapo hapo itetemeke, hiyo ni r. Yeye mwenyewe l haikumtoka, na aliwaonyesha kwamba haimtoki, na mtoto mmoja ambaye ilimtoka alijishika mdomo kama ameng'atwa na siafu. Kisha wakajaza vipengo kwenye madaftari. Mkufunzi akainuka akazunguka kati ya madawati kama ulivyokuwa ukizunguka wewe. Hakupata wote wamepatia. Alipata wengi.

Nje alimuuliza Ghati ni nani aliyemfundisha kufundisha herufi asiyoitamka. Ghati akasema ni Mwalimu Wankuru. Mkufunzi akaomba aonane nawe. Nikamwambia kwamba umeshaondoka. Akavua kofia. Akasema hajui alichokiona kinaitwaje, fomu yake haina sehemu ya kukiandika, lakini watoto wanaandika, na yeye hawezi kumfelisha mtu ambaye watoto wake wanaandika. Ghati amefaulu. Alilia akiwa amesimama wima, machozi yanashuka na shingo haijainama.

Baadaye nilimuuliza yeye, maana ana ulimi wako. Nikamwambia, wewe ukisikia "uwape karamu", unasikia nini? Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Nasikia neno moja, mwarimu," akasema. "Mnaosikia maneno mawiri ni nyinyi." Sasa hilo nalo nimelibeba, sijui niliweke wapi.

Kesho anaondoka. Nyumbani watamkuta na kazi, hayo mengine watayasogeza mbele. Nimechinja jogoo, yule mwekundu mkorofi uliyekuwa ukinidai nimchinje kila Krismasi. Nimepika na ugali wa mtama, wa moto. Na kabatini, chini ya kanga yako ambayo hakuna aliyekuja kuichukua, nimeikuta kalamu yangu nyekundu. Ulikuwa hujanirudishia kumbe. Muhula uliisha, nikanunua nyingine, tukasahau wote, au mimi ndiye niliyesahau. Wino umekauka. Nitampa Ghati hiyo hiyo iliyokauka, ajue kwanza kwa nini mtoto amekosea, ndipo atafute ya wino.

Lakini bado sijui, Mwalimu. Nataka uelewe hilo. Nimefanya yote kama mtu anayejua, na sijui.

Kwa hiyo leo, kabla sijaanza kukuandikia, nilifanya nilichopaswa kufanya siku ile. Nilifunga mlango wa darasa. Nilisimama mbele ya meza yako, kana kwamba bado umeikalia, nikanyoosha mgongo. Nikasema shi kwanza, kuupasha ulimi moto. Kisha nikasema kwa sauti ya imla, polepole, silabi kwa silabi: ka-la-mu. Nikangoja.

Kimya.

Nikasema: ka-ra-mu. Nikangoja zaidi. Nilingoja mpaka nikasikia vizibo vinavyobingirishwa na upepo chini ya madawati, na kwa mbali ng'ombe wa Mzee Marwa wanarudi.

Kimya. Hukugonga kwa hili wala kwa lile.

Lala salama, Mwalimu wangu. Nitamwangalia mzee, nitahakikisha anakula. Meza yako nitaikalia siku nitakapoweza. Na walimu wapya wakija, nakuahidi, kabla ya kitu chochote nitawapa kalamu na karamu, yote mawili, mpaka siku utakapogonga.

Ni mimi, Mjaruo wako,
Adhiambo